Taa ya Dari Imezima, Lakini Waya Haijalala

Ndugu wafanya kazi, wamama, na ninyi vijana munaopenda kutengeneza vitu vya nyumbani, katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, vumbi la mgodi, malaria na maji ya kunywa. Leo tuinue macho tutazame dari, pale ampule inapotundikwa. Pengine mutauliza: muganga msaidizi anatafuta nini katika maneno ya waya? Jibu ni fupi. Waya ikimshinda mtu, hapelekwi kwa fundi wa umeme. Analetwa kwetu, kwa dispensere.

Katika Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi, nyumba nyingi za matofali tunamokaa zilijengwa wakati wa Union Minière, ni kusema mbele ya mwaka 1967. Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kazi mwaka 1930, na kile cha Nseke, kwenye mto Lualaba, mwaka 1956. Vilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda. Nyumba zilipata sehemu ndogo. Kwa hiyo umeme wa nyumba za zamani ulipangwa kwa maisha ya zamani: ampule moja katika chumba, pengine prizi moja ya redio ao ya pasi. Leo katika nyumba ile ile kuna resho, frigo, televizyo na simu nne zinazochajiwa usiku kucha.

Waya za wakati ule zilivikwa mpira, na juu ya mpira kitambaa cha pamba. Mpira unazeeka kama sisi. Unakauka, unapasuka, na mwisho unaanguka vipande vipande kama ganda la mkate mkavu. Mahali unapozeeka upesi kuliko pote ni pale juu ya taa ya dari, sababu joto la ampule linapanda na kuipika waya miaka na miaka. Fundi akishusha duyi ya namna hiyo, mara nyingi anakuta shaba iko uchi kabisa. Ukiwa chini na kutazama juu, huoni kitu. Taa inaonekana nzuri, hata imepakwa rangi nyeupe.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wanaamini kwamba taa ikizima, umeme nao umekwisha pale. Hapana. Taa inahitaji waya mbili ili iwake: waya ya faze, inayoleta nguvu, na waya ya netri, njia ya kurudi. Ukikata moja tu kati ya hizo mbili, taa inazima. Lakini kama uliyokata ni netri, faze ingali pale juu ndani ya duyi, na nguvu yake yote ya volti 220, inangoja njia nyingine ya kurudi. Njia hiyo inaweza kuwa mkono wako, kifua chako na miguu yako juu ya simenti.

Msimu mmoja wa mvua tuliletewa baba mmoja, mfanya kazi wa miaka mingi, mtu anayejua mashini zake vizuri. Ampule ya chumba cha kukaa ilikuwa imekataa kuwaka. Alifunga enteriptere, akapanda juu ya kiti cha chuma, miguu bila viatu, akashika duyi ili aifungue. Nilimwuliza mke wake:

— Mama, baba alikata umeme wapi?

— Kwa ukuta, Muganga. Alikata vizuri, mimi mwenyewe niliona.

Mama hakusema uongo. Kesho yake fundi alipima nyumba ile, akakuta enteriptere imefungwa kwenye netri. Nani aliifunga hivyo, na mwaka gani, hakuna anayejua. Nyumba ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya jamaa nyingi. Baba yule aliungua vidole viwili na kuvunjika mkono alipoanguka kutoka kitini. Tunasema alikuwa na bahati, sababu kule kuanguka ndiko kulikomwachanisha na duyi.

Basi, enteriptere ya ukuta ni ya kuwasha na kuzima mwangaza. Si ya kumlinda mtu anayeweka mkono ndani ya duyi.

Kuna mitego mingine ya giza. Wa kwanza ni fuzibli za zamani. Katika nyumba nyingi, karibu na kontere, utaona fuzibli mbili za porseleni, moja kwa kila waya. Ile ya netri ikiungua peke yake, nyumba yote inaingia giza. Mwenye nyumba anasema: "Umeme hakuna." Kumbe faze imejaa katika nyumba nzima, na hata waya za netri zilizo mbele ya fuzibli ile zinaweza kupata nguvu kwa kupitia ampule ao frigo iliyoachwa wazi. Hapo kila waya inauma. Ndiyo maana mtu akitaka kufanya kazi, anatoa fuzibli zote mbili, si moja.

Mtego wa pili tunaujua sana: umeme wa SNEL unapokatika mtaa mzima. Kijana anafikiri, huu ndio wakati mzuri wa kutengeneza taa, sababu hakuna hatari. Anapanda. Umeme unarudi yeye akiwa na waya mbili mkononi. SNEL haijui kama wewe uko juu ya ngazi. Wa tatu ni waya ya jirani. Nyumba nyingine zinapokea umeme kutoka mahali pawili, kwa kontere yao na kwa waya iliyopitishwa juu ya ukuta kutoka nyumba ya pili, ao kwa jenereta. Unakata kwako, kwa jirani kunabaki. Sisemi hapa juu ya sheria. Nasema tu kwamba waya hiyo haitambui fuzibli yako.

Kazini, mbele ya kutia mkono ndani ya mashini, tunafanya nini? Tunakata, tunafunga kwa kufuli, tunatundika kibao, kiisha tunapima. Hakuna anayecheka desturi hiyo. Basi tuifuate nyumbani pia. Kata disjonkta kubwa ya kontere, toa fuzibli zote mbili, uziweke ndani ya mfuko wa suruali yako. Si juu ya meza, si juu ya kontere: mfukoni. Mtoto anayetaka kutazama mpira kwenye televizyo anaweza kurudisha fuzibli kwa dakika moja. Wambie wote wa nyumba, mama, watoto na wageni, kwamba baba yuko juu ya ngazi.

Kiisha kupima. Wengi wana turnevisi ndogo yenye taa ndani, ile ya kugusisha waya na kuweka kidole nyuma. Inasaidia, lakini ni shahidi wa nusu. Ikiwaka, amini kwamba umeme upo. Isipowaka, usiamini bado. Pengine taa yake imekufa. Pengine jua ni kali na huoni mwangaza mdogo. Pengine umesimama juu ya ngazi ya mbao kavu na nguvu haipati njia ya kutosha. Kwa hiyo jaribu turnevisi kwanza kwenye prizi unayojua ina umeme, mbele hujakata. Kata, upime taa. Kiisha ukaijaribu tena mahali penye umeme wa hakika, kama kwa jirani, ili ujue haikufa katikati ya kazi. Kipimo cha fundi, chenye ncha mbili, ni bora zaidi, sababu kinapima waya na waya. Na pima kila waya inayoonekana katika tundu la dari, hata ile isiyoshika taa. Katika nyumba za zamani, watu wamezoea kupitisha humo waya inayokwenda kulisha prizi ya chumba kingine. Rangi nazo zisikudanganye. Leo samawati ni netri, na kijani yenye mstari wa manjano ni ya ardhi. Katika nyumba ya zamani, fundi alitumia rangi aliyokuwa nayo.

Sasa, taa haiwaki, tutafute ugonjwa wake. Muganga anauliza mgonjwa mbele ya kumfungua tumbo, na hapa vilevile. Taa za vyumba vingine zinawaka? Kama zote zimezima, usiguse dari, ugonjwa uko kwa fuzibli, kwa kontere ao kwa SNEL. Kama ni moja tu, badilisha ampule, tena kwa ampule uliyoiona inawaka mahali pengine. Hata hiyo, ukate umeme kwanza, sababu katika duyi ya kuzungusha, kama waya zimegeuzwa, kile chuma cha pembeni kinachoshika shingo ya ampule ndicho chenye faze.

Ampule ni nzima na bado haiwaki? Mara nyingi ni ule ulimi mdogo wa shaba katikati ya duyi. Umelala chini kwa joto na kutu, haugusi tena tako la ampule. Umeme ukiwa umekatwa na kupimwa, unauinua kidogo, basi. Ukivunjika, ao porseleni ikiwa imepasuka, duyi ibadilishwe. Bei yake ni ndogo.

Enteriptere inayolia kama mafuta ya kukaanga, ao iliyo na joto ukiigusa kwa nje, imekula vyuma vyake vya ndani. Taa inayocheza, inawaka na kufifia, hasa mlango ukifungwa kwa nguvu ao upepo ukitikisa mabati, ina kiungo kilicholegea mahali fulani. Ugonjwa huu ninauogopa kuliko taa iliyokufa kabisa, na watu wanaudharau kuliko yote. Kiungo kilicholegea kinatoa joto. Juu ya dari kuna mbao kavu za miaka 60, vumbi, na pengine kiota cha panya. Huko ndani mafundi wanakuta waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa plasta ya kidonda, ndiyo, plasta tunayotoa sisi kwa dispensere. Plasta inashika moto. Kiungo cha waya kinawekwa ndani ya domino, skuru zinakazwa, na domino inakaa ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Kukiwa na harufu ya mpira unaoungua, ao doa la kahawia linalotokea juu ya dari, kata umeme wa nyumba na umwite fundi siku hiyo hiyo.

Siku hizi tumepata ampule za ledi, na zimetuletea dalili mpya. Umefunga enteriptere, lakini ampule inabaki na mwangaza mdogo kama wa kimulimuli. Pengine ni kwa sababu enteriptere ina kitaa chake, ao waya mbili ndefu zinalala pamoja. Lakini pengine ni kwa sababu enteriptere inakata netri na faze imebaki juu, ugonjwa ule ule wa yule baba. Musicheke mwangaza huo. Ni taarifa ya bure; fundi apime, na kama ni hivyo, aifanye enteriptere ikate faze.

Na fuzibli inayoungua kila mara? Inasema kuna waya mbili zinazogusana, ao mzigo ni mkubwa kupita kipimo. Mtu anachoka, anachukua kipande cha waya ya shaba na kukifunga pale. Sisi tunaotoa shaba chini ya ardhi tunajua sifa yake: inapitisha umeme bila kunung'unika. Waya ya taa ya milimita 1,5 mraba inalindwa kwa fuzibli ya amperi 10. Ukiweka mahali pa fuzibli kipande cha waya hiyo hiyo, hakiyeyuki mpaka kipite amperi 100. Mbele ya hapo, waya za dari zimekwisha kuwaka.

Katika miezi ya mvua kuna jambo lingine. Maji yakivuja juu ya dari yanafuata waya na kujaa ndani ya kioo cha taa. Ukiona maji katika taa, usiyamwage, usiguse enteriptere ya chumba hicho ikiwa ukuta umelowa. Kata kwa kontere, tengeneza paa kwanza, acha pakauke. Neno moja la afya hapa kwa kupita: dari na paa nyingine za zamani ni plaki za simenti zilizochanganywa na amiyanti. Kuzitoboa ao kuzikata kwa msumeno kunatoa vumbi linaloharibu mapafu baada ya miaka mingi. Tumia tundu lililokwisha kuwapo.

Kama ukishusha duyi na kukuta mpira wa waya unabomoka mikononi, simama hapo. Usiizungushie skochi na kuirudisha juu, maana kila ukiikunja unaipasua mbele zaidi. Waya ile inatakiwa kuvutwa mpya, kutoka kwenye kisanduku mpaka taa. Hiyo ni kazi ya fundi, na usiku mmoja wa taa ya mafuta si msiba.

Wengine wananiambia: "Muganga, mimi nilipigwa mara nyingi, nimezoea." Mwili hauzoei umeme. Miliamperi 1 unaisikia kama kuwashwa. Kufika 10, misuli ya mkono inajifunga na mtu hawezi tena kuachia waya hata akitaka. Kwenye 30 pumzi inaanza kukatika, na ikikaa, moyo uko katika hatari. Kati ya 50 na 100 moyo unaweza kuacha kupiga na kubaki unatetemeka tu. Sasa linganisha: ampule ndogo ya zamani, ya wati 60, inapitisha miliamperi 270 hivi. Mtu mwenye ngozi kavu na viatu vya mpira anapata ulinzi fulani. Mtu aliyerudi kutoka kazini na jasho, miguu mitupu juu ya simenti iliyopigwa deki sasa hivi, hana ulinzi. Ndiyo sababu mafundi wa leo wanaweka disjonkta diferansiyeli ya miliamperi 30 pamoja na waya ya ardhi: inakata mara moja umeme unapopotea njia. Nyumba nyingi za zamani hazina kitu hicho. Jamaa ikiwa na franga kidogo ya kutengeneza nyumba, mimi ningeanza na hicho mbele ya rangi ya ukuta.

Ukimkuta mtu ameshikwa, usimvute kwa mikono. Utashikwa pamoja naye. Kata kwa kontere. Kama kontere iko mbali ao imefungwa, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa fimbo kavu ya mti ao ya ufagio. Usimwagie maji. Alipokwisha kuachana na waya, mwite, mtazame kifua. Asipojibu na asipopumua vizuri, mlaze chali chini, weka viganja viwili katikati ya kifua, finya kwa nguvu, sentimita 5 mpaka 6, upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Aliyefundishwa atie pumzi 2 kila baada ya kufinya mara 30. Asiyefundishwa afinye tu bila kusimama, huku mwingine akikimbia kuita ambulansi. Usichoke baada ya dakika mbili ukisema amekwisha. Badilishaneni mpaka sisi tufike. Kama alianguka kutoka juu, musimkunje shingo.

Kidonda cha moto kipoeni kwa maji safi ya kutiririka dakika 20, umeme ukiwa umekatwa. Musipake dawa ya meno, wala mawese, wala majivu. Na msidanganywe na udogo wake: umeme unaingia kwa tundu dogo na kuunguza nyama ndani. Kila aliyepigwa na umeme akapoteza fahamu, aliyeshikwa bila kuweza kuachia, aliye na kidonda, mama mwenye mimba, mtoto, aje dispensere siku hiyo hiyo hata kama anatembea na kucheka, ili tusikilize moyo wake, na tumtume lopitali ikihitajika. Tena mutazame mkojo wake. Ukitoka mweusi ao rangi ya chai kali, ni nyama iliyoharibika inayopita kwa figo. Hapo musingoje asubuhi, mumlete hata saa saba ya usiku, na mutuambie alishika waya kwa mkono gani na kwa muda gani.